Mionzi Baada ya Upasuaji wa Saratani ya Tezi ya Mate: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa na Anayemuuguza

Mgonjwa aliyetolewa uvimbe kwenye tezi ya mate mara nyingi hutoka wodini akiamini kwamba kazi imekwisha, kisha siku ya kurudi kliniki kutolewa nyuzi anaambiwa kuwa bado ana wiki sita za mionzi mbele yake. Familia hushtuka, na wengine hudhani daktari wa upasuaji amekosea au ameficha jambo. Sivyo. Mionzi ya baada ya upasuaji hulenga seli chache zisizoonekana kwa macho wala kwa picha, ambazo huenda zimebaki pale uvimbe ulipokuwa, kwenye neva zilizo karibu au kwenye tezi limfu (vifundo vidogo vya kinga ya mwili) za shingo, na kazi yake ni kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi mahali palepale.

Maelezo yanayofuata yanahusu hasa saratani ya tezi ya parotidi, ile kubwa iliyo mbele na chini ya sikio, kwa sababu huko ndiko uvimbe mwingi wa tezi za mate hutokea. Sehemu kubwa inamfaa pia aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya chini ya taya au wa tezi ndogo za kinywani. Nimezipa nafasi kubwa wiki zilizo kati ya upasuaji na siku ya kwanza ya mionzi, kwa kuwa ndizo hupotea ovyo kuliko zote ilhali ndizo zenye shughuli nyingi.

Hatua ya kwanza: pata ripoti ya patholojia (majibu ya maabara ya uvimbe uliotolewa) na uielewe

Si kila mgonjwa wa saratani ya tezi ya mate anahitaji mionzi. Uvimbe mdogo wa daraja la chini, yaani wenye seli zinazokua polepole, uliotolewa wote na kingo za nyama iliyokatwa zikaonekana safi, kwa kawaida hutosheka na upasuaji peke yake. Mionzi hupendekezwa pale ripoti inapoonyesha mojawapo ya mambo haya au zaidi: saratani ya daraja la juu, uvimbe mkubwa, au uliokwisha kutoka nje ya tezi na kuingia kwenye ngozi, mfupa au neva ya uso, kingo zenye seli za saratani au zilizo karibu mno nazo, seli zilizoonekana zikitambaa kando ya neva au ndani ya mishipa ya damu na limfu, tezi limfu za shingo zilizoingiliwa, au uvimbe uliorudi baada ya kutolewa siku za nyuma. Saratani ya aina ya adenoidi sistiki karibu kila mara hupelekwa kwenye mionzi kwa sababu ina tabia ya kufuata neva, wakati mwingine hadi chini ya fuvu, ambako kisu cha daktari hakifiki kwa urahisi.

Kwa hiyo usiondoke kliniki na jibu la mdomo tu la "tumekuta saratani". Omba nakala ya ripoti na umuulize daktari maswali manne: ni aina gani, ni daraja gani, kingo zikoje, na je, neva au tezi limfu zimeguswa? Saratani za tezi za mate zina aina zaidi ya 20, nazo ni adimu kiasi kwamba hata mtaalamu wa patholojia mzoefu anaweza kutaka mwenzake azitazame pia. Ikiwa daktari anapendekeza sampuli isomwe mara ya pili, kubali, lakini uliza papo hapo ni nani atakayepeleka sampuli, yaani vipande vya nta na vioo vyenye nyama ya uvimbe, na lini. Nimeona sampuli zikikaa kabatini kwa sababu hospitali ilidhani ndugu wa mgonjwa watazichukua, nao ndugu wakidhani hospitali imekwisha kuzituma.

Hatua ya pili: hesabu wiki tangu siku ya upasuaji

Andika tarehe ya upasuaji kwenye daftari na uhesabu kutoka hapo. Lengo la wataalamu ni mionzi ianze baada ya kidonda kupona, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita, na isivuke wiki ya nane bila sababu nzito. Ukichelewa sana, seli zilizobaki hupata muda wa kuongezeka. Ukiwahi kabla kidonda hakijafunga, mionzi itazuia kupona. Kidonda kinachotoa usaha, au kinachovuja maji maji mepesi hasa unapokula (hayo huwa ni mate yanayopita kwenye mshono), kionyeshwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Majibu ya patholojia peke yake yanaweza kula wiki mbili, tatu au zaidi. Ndiyo maana haifai kusubiri karatasi moja ikamilike ndipo uanze kutafuta nyingine. Ikiwa daktari wa upasuaji anahisi kwamba mionzi itahitajika, omba rufaa mapema na uende kufungua faili kwenye kituo cha mionzi hata kabla jibu la mwisho halijatoka. Nchini Tanzania wagonjwa wengi huelekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na wa Kanda ya Ziwa hupata huduma Bugando, Mwanza. Kenya ina vituo vya umma Nairobi, ikiwemo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na pia Mombasa kwenye Hospitali ya Rufaa ya Pwani. Uganda wagonjwa huenda Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago, na Rwanda ina kituo Kanombe, Kigali, kilichoanza mwaka 2019. Kila mahali pana foleni, na foleni huanza kuhesabiwa siku faili lako linapofunguliwa.

Muda huo huo shughulikia bima. Uliza kwa maandishi kama bima yako inalipia kipimo cha CT (picha za eksirei za kompyuta) cha kupangia mionzi, utengenezaji wa barakoa ya kushikilia kichwa, na idadi yote ya vipindi vya mionzi, au kama kibali kinatolewa kwa mafungu yanayohitaji kuhuishwa katikati ya tiba. Kibali kinachokwisha wiki ya tatu humkatiza mgonjwa pabaya. Anayetoka mbali aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu malazi, kwa kuwa kusafiri kila siku kwa basi la mkoani kwa wiki sita hakuwezekani, hata kwa mtu mwenye moyo.

Hatua ya tatu: meno kabla ya mionzi

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame. Mionzi hupunguza mate, na mate ndiyo yanayolinda meno yasioze. Pia hupunguza damu inayofika kwenye mfupa wa taya, hivyo mfupa ukijeruhiwa baadaye hupona kwa shida. Jino likitolewa kwenye taya iliyopigwa mionzi kwa dozi kubwa, kishimo chake kinaweza kukataa kufunga, mfupa ukaanza kufa na kuchomoza kinywani, na hatari hiyo haiishi hata miaka mingi ikipita.

Nenda kwa daktari wa meno ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji. Mwambie kwamba unatarajia mionzi ya tezi ya mate na utaje upande, ili awasiliane na daktari wa mionzi kuhusu sehemu ya taya itakayopata dozi kubwa. Meno mabovu yasiyoweza kuokolewa katika eneo hilo yatolewe angalau wiki mbili kabla ya mionzi, fizi zipate kufunga. Yanayoweza kuzibwa yazibwe, na ugaga usafishwe. Hakuna sababu ya kung'oa meno mazima yote "kwa tahadhari", na ukiambiwa hivyo, uliza sababu. Mwombe daktari floridi ya nguvu ya kutumia nyumbani. Hiyo utaitumia maisha yako yote.

Hatua ya nne: jicho, sikio, taya na uzito

Neva ya uso hupita katikati ya tezi ya parotidi. Ikiwa imekatwa, au imelegea kwa kuguswa wakati wa upasuaji, jicho la upande huo huenda lisifumbe vizuri. Jitazame kwenye kioo: fumba macho taratibu kama mtu anayelala, na mwenzako aangalie kama weupe wa jicho unabaki ukionekana. Ukionekana, unahitaji matone ya machozi bandia mchana, mafuta ya macho usiku, na plasta laini ya kufunga kope unapolala. Ukitoka nje vaa miwani, hasa ukipanda bodaboda, kwani punje moja ya vumbi inaweza kuchubua kioo cha jicho ambalo halina ulinzi.

Sikio lipimwe usikivu kabla ya tiba, ili yakitokea mabadiliko baadaye kuwe na cha kulinganisha. Kuhusu taya, pima upana wa kinywa kwa vidole vyako mwenyewe: watu wazima wengi huweza kuingiza vidole vitatu vilivyosimama kati ya meno ya juu na ya chini. Andika unachopata leo. Kisha anza mazoezi ya kupanua kinywa polepole mara kadhaa kwa siku, kwa sababu misuli ya kutafunia ikipata mionzi bila mazoezi hukakamaa, na taya iliyokwisha kufunga ni ngumu kuifungua tena.

Jipime uzito na uuandike. Anayevuta sigara au shisha, anayetumia ugoro, tambuu au mirungi, na anayekunywa pombe, aache sasa. Uvutaji unapunguza nguvu ya mionzi na kuzidisha vidonda vya kinywani. Mwenye mashine ya kusaidia mapigo ya moyo, au mwanamke anayehisi ana ujauzito, aseme kabla ya kipimo chochote.

Hatua ya tano: siku ya barakoa

Ili mionzi igonge mahali palepale kila siku, kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo. Ndiyo sababu hutengenezwa barakoa ya plastiki yenye matundu. Karatasi ngumu ya plastiki hulowekwa kwenye maji ya moto hadi ilainike, kisha wataalamu huivuta juu ya uso na shingo ukiwa umelala chali, wakiibonyeza ifuate pua, kidevu na mabega. Utahisi joto na unyevu, kama kitambaa cha kukandia, na baada ya dakika chache hukauka na kubana. Unapumua kupitia matundu. Ikiwa unaogopa mahali pa kubanwa, sema kabla. Wataalamu wanaweza kukufunza kupumua taratibu au daktari akakupa dawa ya kutuliza.

Barakoa hupima uso ulivyo siku hiyo. Ndevu zinyolewe kabla, si baada. Rasta, misuko minene na mawigi yaondolewe mapema, kwa sababu ukitengenezewa barakoa ukiwa na misuko kisha ukaifumua wiki ya pili, barakoa itacheza na italazimu kupanga upya. Anayevaa hijabu ataivua ndani ya chumba siku hiyo na kila siku ya tiba, na ana haki ya kuomba wahudumu wa kike na faragha. Hereni, mikufu na meno bandia hutolewa.

Ukiwa umevaa barakoa utapigwa CT ya kupangia. Baada ya hapo daktari huchora maeneo ya kulenga na ya kukwepa, kama uti wa mgongo, macho, sikio la ndani na tezi za mate za upande wa pili, kisha mwanafizikia tiba hukokotoa njia za mionzi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Kimya cha muda huo hakimaanishi kwamba umesahauliwa, ingawa simu moja ya kuulizia haidhuru.

Muulize daktari kama utatibiwa upande mmoja au pande zote mbili. Saratani ya parotidi mara nyingi hutibiwa upande mmoja, na jambo hilo lina maana kubwa: tezi za upande wa pili huendelea kutoa mate, hivyo ukavu wa kinywa huwa nafuu kuliko unaosimuliwa na wagonjwa wa saratani ya koo mnaokutana nao kwenye benchi. Hadithi za benchini ni za kweli kwa wanaozisimulia, lakini si lazima ziwe zako.

Hatua ya sita: wiki za mionzi

Dozi ya kawaida kwa eneo la uvimbe ni kati ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 na 66, ikigawanywa kwa takriban grei 2 kila siku, siku tano kwa wiki, yaani vipindi 30 hadi 33. Kipindi chenyewe huchukua dakika 10 hadi 20, nyingi zikiwa za kukulaza sawasawa. Mionzi haiumi wala haionekani. Utasikia mlio wa mashine tu. Ukitoka chumbani mwilini mwako hamna mionzi yoyote, hivyo unaweza kumbeba mtoto, kula sahani moja na familia na kulala na mwenza wako.

Wengine watauliza kuhusu dawa za saratani za kuongeza juu ya mionzi. Kwa saratani za tezi za mate hilo si utaratibu wa kawaida, na likipendekezwa daktari aeleze sababu mahususi kwako.

Usiruke siku. Tiba ikirefuka kuliko ilivyopangwa, nguvu yake dhidi ya saratani hupungua. Malaria, msiba au ukosefu wa nauli vikitokea, piga simu kituoni kabla ya kukaa nyumbani. Mashine nazo huharibika: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika pale Mulago, na mpya ilianza kazi Januari 2018, wagonjwa wenye uwezo wakilazimika kwenda nje ya nchi. Kwa hitilafu ya siku chache, muulize daktari namna siku zilizopotea zitakavyofidiwa. Wakati mwingine hutolewa vipindi viwili kwa siku moja, vikiachana kwa saa sita au zaidi.

Wiki ya kwanza wengi hawaoni mabadiliko. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu ladha huanza kupotea, mate huwa mazito, na upande wa kinywa uliolengwa huweza kuwa mwekundu na kupata vidonda. Ngozi ya shavu na shingo huwa nyeusi zaidi au nyekundu, kisha hukauka, na pengine huchubuka kwenye mikunjo. Nywele na ndevu za eneo hilo hunyonyoka. Uchovu huongezeka kadiri wiki zinavyosonga, na siku mbaya kuliko zote mara nyingi huwa zile za wiki ya mwisho na wiki moja au mbili baada yake.

Kwa kinywa, tengeneza maji ya kusukutua: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda. Sukutua kila baada ya saa mbili au tatu na kila baada ya kula, na tengeneza mapya kila siku. Iwe beking soda ya kupikia kweli, si magadi soda, ambayo yanaweza kukuunguza, wala si beking pauda. Dawa za kusukutua zenye spiriti ziache. Utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu huenda ni fangasi, na una dawa yake.

Kwa ngozi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kubonyeza bila kusugua, vaa nguo ya pamba isiyo na kola ngumu, na jikinge na jua. Usinyoe kwa wembe. Mafuta uliyopewa hospitali yapake, ila si muda mfupi kabla ya kipindi. Mshubiri, dawa za kienyeji, unga wa poda na manukato visipakwe bila kumuuliza daktari.

Maumivu yasivumiliwe kwa ushujaa, kwa sababu anayeumwa kinywa hali, na asiyekula hukonda hadi barakoa inalegea. Panadol isipotosha, omba dawa kali zaidi. Morfini ya maji hutumika sana katika ukanda wetu. Ikitumiwa kwa maelekezo ya daktari kwa maumivu ya namna hii haimgeuzi mgonjwa kuwa teja, wala kuandikiwa morfini si dalili kwamba ameshindikana. Hufunga choo, hivyo ichukuliwe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Chakula kiwe laini na chenye nguvu katika kiasi kidogo: uji uliotiwa maziwa, siagi ya karanga au mafuta kidogo, mtori, mayai ya kuvuruga, parachichi lililopondwa, viazi vilivyopondwa kwa tui, samaki laini asiye na miiba. Pilipili, ndimu, achari, machungwa, nyanya kali na chai ya moto sana huwasha vidonda. Mihogo ya kukaanga na bisi ziwekwe kando. Kula kidogo mara sita kwa siku badala ya milo mitatu, na pima uzito kila wiki. Uzito ukishuka kwa kasi, mrija wa kulishia wa muda ni msaada wa kawaida. Mwezi wa Ramadhani ukiangukia ndani ya tiba, zungumza mapema na daktari wako na sheikh wako. Mgonjwa ana ruhusa, na mwili huu unahitaji maji mchana.

Nenda hospitali bila kungoja siku ya kliniki ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukishindwa kumeza maji, ukitokwa na damu kinywani isiyokoma, ukipumua kwa shida, au jicho likiuma, kuwa jekundu na kuona ukungu.

Hatua ya saba: baada ya kipindi cha mwisho

Vidonda na ngozi hupona ndani ya wiki kadhaa. Ladha hurudi kwa miezi, mate kwa muda mrefu zaidi, na kwa baadhi ya watu si yote. Beba chupa ya maji, tafuna chingamu isiyo na sukari, na punguza soda. Ukiona shavu linatoa jasho wakati wa kula, hayo ni matokeo ya neva zilizoungana vibaya baada ya upasuaji. Yana tiba na si dalili ya saratani. Sikio linaloziba huenda lina maji nyuma ya ngoma, hivyo daktari wa masikio alitazame, na vijiti vya pamba visitumike. Mazoezi ya taya na shingo yaendelee, na kipimo cha vidole kirudiwe kila wiki. Ikiwa shingo ilipata mionzi, tezi ya thairoidi inaweza kudhoofika baadaye, hivyo damu ipimwe kila miezi 6 hadi 12.

Picha ya kwanza ya ulinganisho kwa kawaida hupigwa takriban miezi mitatu baada ya tiba. Kliniki huwa za karibu karibu mwaka wa kwanza, kila mwezi mmoja hadi mitatu, kisha huachana zaidi hadi mwaka wa tano, na baadaye mara moja kwa mwaka. Kwa adenoidi sistiki miaka mitano haitoshi, kwani inaweza kutokea kwenye mapafu hata baada ya miaka kumi, na kifua kinapaswa kuendelea kuchunguzwa. Uvimbe mpya shingoni, ganzi au maumivu yanayozidi usoni, na udhaifu wa uso unaoongezeka badala ya kupungua, visisubiri tarehe ya kliniki.

Kabla hujafunga safari ya kurudi nyumbani, omba karatasi ya muhtasari wa tiba yenye jumla ya dozi, idadi ya vipindi, upande na eneo lililotibiwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na aina ya mashine. Itolee nakala na kuipiga picha kwa simu. Daktari wa meno atakayetaka kung'oa jino miaka minane baadaye ataihitaji kabla hajashika koleo, na daktari wa mionzi ataihitaji zaidi ikiwa eneo hilo litafikiriwa kutibiwa tena.